Kipimo cha Usawa wa Kifua

Kifaa cha kupimia mionzi kilianza kulia jikoni, mchana kweupe, na betri zake ziko mezani. Tk. Tk.

"Zima basi hicho kitu," mkewe alinong'ona.

"Kimezimwa," alijibu mpimaji wa mionzi.

Kazini walimwita Bwana Salama, maana hakupata kupima ardhi akasema ina sumu. Mionzi hupimwa karibu na udongo, mtu ameinama. Yeye, kwa kuogopa kuchafua suruali, alikishika kifaa usawa wa kifua, akasoma namba ndogo, akaenda zake. Ndivyo alivyomruhusu mama mmoja kulima mboga nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Majani yakatoka yamejikunja. Mama akamfuata ofisini, mtoto mgongoni, kumsihi arudi ainame, naye akamjibu hana muda. Mama na mtoto walizikwa kaburi moja.

Sasa nyumba ilinuka udongo mbichi na chuma kilichoungua, na mlio ule ukaanza kumwandama binti yake wa pekee, akienda chumbani unaenda, akiketi kula uko chini ya meza, mpaka chakula kikamshinda, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu, na baba mtu akajua ni nani aliyeingia ndani mwake na amefuata nini.

Mganga akaletwa. Alifukiza chumba kizima, akamsimamisha binti katikati, akamuuliza mgeni anataka nini. Sauti iliyojibu kwa kinywa cha binti ilikuwa ya yule mama wa mboga.

"Apime. Ampime mwanawe kama alivyonipimia mimi."

Bwana Salama akakinyanyua kifaa, akakiweka usawa wa kifua cha binti. Kimya. Akaanza kuinama, na kifaa kikalia kwa fujo, kila akishuka kinazidi, hata alipokaribia magoti ule mkono mwembamba wa binti ukamkamata ukosi na kumsimamisha wima, kwa nguvu ambazo mgonjwa hawezi kuwa nazo.

"Usiiname, Bwana Salama. Utachafua suruali."

Mganga alikusanya vitu vyake, akatoka bila kuaga. Baba akabaki amesimama, kifaa kimetulia kifuani, analia kama mtoto. Miguuni mwa binti, juu ya saruji kavu, majani machanga yalikuwa yanachipua, yamejikunja.