Kanda ya Bahari Shwari

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Kila jioni, saa kumi na mbili kamili, mtabiri alikaa mbele ya kipaza sauti cha kituo cha hali ya hewa akawasomea wanamaji taarifa ya bahari: upepo, mawimbi, mvua, basi. Katika miezi ya joto bahari ililala kama maji ya beseni, naye akawa anarudia neno lile lile siku nenda siku rudi, mpaka manahodha wakambandika jina la Mama Shwari. Aliyelianzisha ni mumewe mwenyewe, nahodha wa meli ndogo ya kubeba saruji na magodoro. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akimjibu.

Jioni hiyo hakuwa na utani. Mchana kutwa joto lilikuwa limekaba watu koo, na picha za satelaiti zilionyesha wingu nene likijikunja juu ya maji ya moto, upande wa kusini mashariki. Alisoma polepole ili hata kiziwi aelewe. Upepo mkali wa kilomita sabini kwa saa. Mawimbi yanayozidi mita nne. Vyombo vyote vibaki bandarini. Akazima kipaza sauti, na simu yake ikaita.

"Nimekusikia, mama watoto," alisema mumewe kutoka bandari ya pili. "Shwari. Tunang'oa nanga sasa hivi, alfajiri niko nyumbani."

"Shwari gani? Nimesema dhoruba! Mawimbi mita nne!"

Mumewe akacheka. "Utani wa saa hizi siutaki. Tumekusikia wote hapa, mimi na mabaharia wangu. Mpaka ukakohoa katikati."

Hakuwa amekohoa.

"Baba watoto, nisikilize... usitoke..."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara nane, na mara nane yule dada wa mtandao akamwambia kwa adabu zote ajaribu tena baadaye. Alitamani kuitupa simu ukutani. Akamwita kwa redio kubwa ya kuzungumzia na vyombo, nayo ikatoa mkwaruzo tu.

Fundi wa mitambo, aliyekuwa chumba cha pili, alikuwa amesikia kelele. Akaja, akamsikiliza, akakagua swichi moja moja. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akatoa redio yake ndogo mfukoni, akaitegesha kwenye masafa ya kituo, akaiweka mezani. Kwanza mkwaruzo. Halafu...

"...bahari ni shwari. Upepo ni mwanana. Mawimbi hayatazidi nusu mita..."

Ilikuwa sauti yake, yenye mafua kidogo. Ikakohoa. Ikaendelea.

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

Na chumba kikaanza kunuka plastiki iliyoungua.

"Niliichoma," Fundi akanong'ona. "Dada, niliichoma kwa mikono yangu. Kwenye pipa kule nyuma."

Mtabiri hakuwa na haja ya kuuliza ni nini. Mwaka uliopita, miezi hii hii, kituo kizima kilikuwa na mazoea yake. Kwa kuwa bahari ya kiangazi haina habari, mtu mmoja alisoma taarifa Jumatatu, ikarekodiwa kwenye kanda, na kanda ikachezwa jioni zote za wiki ili watu wawahi nyumbani. Kila mtu alifanya hivyo, na hakuna aliyeona ubaya. Wiki moja zamu ilikuwa yake mtabiri, na alikuwa na mafua. Alhamisi dhoruba ikazuka ghafla, kanda ikasema shwari, na boti ikatoka na watu kumi na mmoja. Hawakurudi. Mkuu wa kituo akaandika kwamba tahadhari ilitolewa, akamsogezea kalamu, naye akasaini. Tangu hapo alisoma kwa kinywa chake kila jioni, hata akiwa na homa. Alidhani hiyo imetosha.

Akampigia Mkuu wa kituo.

"Umesoma tahadhari?" Mkuu akauliza.

"Nimesoma, bosi, lakini hawasikii ninachosoma! Wanasikia ile kanda!"

"Kanda ipi? Hakuna kanda. Umesoma, umeandika kwenye daftari, umemaliza kazi. Nenda kapumzike."

"Mume wangu yuko baharini!"

"Basi mpigie mumeo," Mkuu akasema, akakata.

Kuna watu ukizama mbele yao watakuuliza kwanza kama umevua viatu. Mtabiri akafuta machozi ya hasira kwa kiganja, akawasha kipaza sauti, akasoma tahadhari mara ya pili. Mezani redio ndogo ikajibu: shwari. Akasoma mara ya tatu, ya nne. Shwari, shwari. Mara ya tano alipaza sauti mpaka koo likamkwaruza, na ile sauti yenye mafua ikawatakia wanamaji wote safari njema. Harufu ya kuungua ilikuwa imezidi, Fundi amefunika pua kwa kola ya shati.

Mara ya sita hakusoma kitu. Alilia tu.

"Geuza, baba watoto. Inakuja dhoruba. Nakuomba... geuza."

Redio ndogo ikakwaruza. Haikusema neno, si la dhoruba wala la shwari. Wakangoja. Dirishani jua lilikuwa limezama, na pigo la kwanza la upepo likaligonga dirisha.

"Nikisema dhoruba wanasikia shwari," akasema hatimaye. "Basi nitasema shwari."

"Usijaribu, dada. Kitu hicho hukijui."

"Nikae nikitazama? Nimeomba, nimelia, nimepiga kelele, nani kanisikia? Niambie wewe, nani?"

Mtabiri akabonyeza.

"Bahari ni shwari. Endeleeni na safari."

Redio ndogo ikayatoa maneno yake kama alivyoyasema. Neno kwa neno. Bila kikohozi.

Fundi akashika kichwa.

Kisha ile redio kubwa ya kuzungumzia na vyombo ikalia, na sauti ya mumewe ikaingia safi, kama yuko chumba cha pili.

"Kituo, kituo. Mama watoto, afadhali umerudi hewani. Sasa hivi nilikusikia unalia, unaniambia nigeuze. Moyo ulinipasuka, nikageuza meli. Kumbe ni hiyo mitambo yenu. Haya, narudi kwenye njia yangu. Asante."

"Hapana! Geuza! Ile ndiyo ilikuwa mimi! Baba watoto, ile ndiyo mimi!"

"...upepo ni mwanana," ikajibu redio ndogo mezani. "Mawimbi hayatazidi nusu mita..."

Meli haikuonekana tena. Magodoro manane yalitupwa ufukweni wiki ile, yamelowa na kuvimba. Ukaitishwa uchunguzi, Mkuu wa kituo akaleta daftari, na safari hii mtabiri akaisukuma kalamu pembeni. Akawaeleza yote: kanda, watu kumi na mmoja, harufu, ile sauti yenye mafua. Wale wazee wa uchunguzi wakatazamana. Mmoja akamwonea huruma, akamwambia msiba huwachanganya watu. Alitaka kupiga meza. Akapiga, na haikubadilisha kitu.

Mwanamke mmoja katika kamati, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye pekee aliyeonekana kumwamini. Akainama mbele.

"Tuseme hizo taarifa za mwanzo zilivurugwa na hiyo sauti unayoisema," akauliza taratibu. "Na ile ya mwisho, iliyomrudisha mumeo kwenye mawimbi. Hiyo aliisema nani?"

"Mimi," akasema mtabiri.