Mbuna wa Ida

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Hildegardi alisimama sebuleni kuwatazama samaki wa baba yake ndani ya tangi la kioo. Walikuwa watano, bapa, wa rangi ya fedha. Baba yake, Joakim, aliwaleta kutoka Mtwara alipohamishiwa kazi Mbinga. Walivuliwa pale mto unapokutana na bahari, kwa hiyo waliishi katika maji yenye chumvi kiasi. Kila Jumamosi Hildegardi alipima chumvi ya bahari, kikombe kimoja kwa ndoo moja ya maji, na baba yake hakuacha kumsifu.

Kisha akaja Ida, binti wa shangazi yake Gertruda. Shangazi alikuwa amelazwa katika hospitali ya mjini, na Ida alitoka Liuli, kando ya ziwa, kuja kumuuguza. Alibeba mfuko wa nguo na ndoo yenye mbuna watatu wa buluu, wale samaki wadogo wanaokaa kwenye mawe ya ziwa. Alitaka mama yake awaone siku atakayoruhusiwa kutoka wodini.

"Mjomba, naomba wangu wakae humu na wenzao," alisema.

"Hapana, mwanangu," Joakim akajibu. "Unaangalia maji kwanza, halafu tabia. Mbuna ni wa maji ya ziwa yasiyo na chumvi, chumvi hii itawaua. Tena ni wagomvi, hung'ata kila anayewasogelea. Waache ndooni, nitawatafutia tangi lao."

Hildegardi alisikia yote, lakini lililomchoma ni lile neno "mwanangu". Tangu siku hiyo alilala kitanda kimoja na Ida. Alimpiga viwiko usiku, na mchana aliigiza lafudhi yake ya ziwani mpaka Ida akaacha kuongea.

Alhamisi mchana, Ida akiwa hospitalini, Hildegardi alirudi kutoka shule na rafiki yake Violet.

"Hawa wakikutana itakuwaje?" Violet aliuliza.

"Watapigana."

"Basi tuone!"

Hildegardi aliinua ndoo akawamimina mbuna ndani ya tangi. Mara wakaanza kuwakimbiza wale wa fedha, wakiwararua mapezi. Wasichana walicheka na kupiga makofi. Baadaye mbuna wenyewe wakaanza kuyumba, midomo wazi, wakitafuta pumzi juu ya maji.

Violet aliacha kucheka. "Watoe sasa."

"Bado kidogo," alisema Hildegardi. Wavu wa kuwatolea ulining'inia ukutani. Hakuugusa.

Jioni Joakim alikuta mbuna wote watatu wamekufa, na wawili wa fedha pia.

"Nani amefanya hivi?"

"Ida," Hildegardi akajibu haraka. "Alisema lazima wakae pamoja."

"Siyo mimi, mjomba! Nilikuwa kwa mama!"

"Usiniongopee! Nilikukataza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alfajiri Joakim alimpandisha Ida basi la kurudi Liuli. Hakumruhusu hata kupita wodini kuaga.

Mchana huo Hildegardi ndiye aliyetumwa kupeleka uji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ida yuko wapi?"

"Amerudi Liuli."

Gertruda alikisukuma kikombe. "Bila kuniaga? Jana alikaa nami mpaka jioni, nami nikamfokea kwa sababu uji ulikuwa umepoa. Nimemuudhi mwanangu." Akageukia ukutani, akalia.

Hildegardi alimbembeleza anywe. Akakataa. Alimbembeleza tena, akakataa. Ndipo Hildegardi akasema yote huku akilia, kuanzia ndoo mpaka basi. Shangazi hakumfuta machozi.

"Nenda kamwambie baba yako," alisema. "Sasa hivi."

Joakim alisikiliza mpaka mwisho. "Nimemfukuza mtoto wa dada yangu kwa uongo wako," alisema, "na kwa ukali wangu wa kutosikiliza."

Jumamosi walipanda basi kwenda Liuli. Joakim alimwomba Ida msamaha kwanza. Kisha Hildegardi alipiga magoti mbele yake, bibi yao akitazama.

"Uliwatazama wakifa?" Ida aliuliza.

"Ndiyo."

"Ulicheka?"

Hildegardi aliinamisha kichwa. "Ndiyo."

Ida alichukua mfuko wake. "Narudi kwa ajili ya mama. Siyo kwa ajili yako."

Jumapili Gertruda alimkumbatia binti yake muda mrefu, akanywa uji wote. Kisha akamwita Hildegardi karibu na kitanda.

"Umesema kweli, na hilo ni jema. Lakini umeisema mwenzako akiwa ameshaadhibiwa. Ukimsingizia mtu, huwezi kupanga maumivu yaishie wapi. Wewe ulitaka kumwondoa Ida, na mimi mgonjwa nikalia siku mbili. Siku nyingine ukikosea, sema siku ileile, wakati adhabu bado ni yako peke yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi," alijibu Hildegardi.

Akamsogelea Ida ampokee kile kikombe kitupu akakioshe. Ida alikishikilia kidogo, akimtazama usoni, kisha akamwachia.