Mawe Yenye Rangi Nyeupe

Jua lilikuwa limebakiza shibiri moja kuzama Galgalo alipoondoka kambini kutafuta kuni. Ilikuwa siku ya tatu. Walikuwa wametoka Kinna kwa miguu, watu watatu na punda mmoja, wakitembea kijiji hadi kijiji katikati ya vilima vilivyotemwa na moto wa ardhini zamani, mahali ambapo mawe meusi yametapakaa mpaka macho yanachoka. Kesho, Mungu akipenda, wangefika Gotu.

Mwenye safari alikuwa Gathogo, mwanamume mnene wa Nairobi aliyetaka kufungua njia ya watalii wanaopenda kutembea. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa hafundishiki. Kila jioni alirundika mawe kando ya njia mpaka yakafika magotini, akachovya brashi kwenye mkebe wake, akapaka jiwe la juu rangi nyeupe.

"Ni alama, mzee," alisema. "Ndio wageni wasipotee."

Sasa, pande zile rundo la mawe kando ya njia lina maana moja tu. Ni kaburi. Anayepita husimama, huokota jiwe, huliongeza juu, huenda zake. Galgalo mwenyewe alimfundisha binti yake Tache adabu hiyo siku alipoanza kufuata mbuzi. Na kaburi halijengwi kabla ya maiti. Babake Galgalo alikuwa akikataa hata kulizungumzia jambo hilo.

Galgalo alijua yote haya, akanyamaza. Gathogo alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu ya kuongoza wageni, na ukame ulikuwa umemmalizia mifugo. Tena hakunyamaza tu. Juzi, walipopata netiweki, alimpigia simu Tache, aliyekuwa akileta mbuzi waliobaki, siku moja nyuma yao.

"Fuata mawe yenye rangi nyeupe," alimwambia. "Hutapotea."

Alivuka mwinuko mdogo, na hapo akasikia sauti.

Ko... ko... ko...

Jiwe juu ya jiwe.

Harufu ikamfikia kabla hajaona chochote. Ilikuwa harufu ya siku ya kuchinja, damu mbichi na samadi. Kisha akayaona. Marundo matatu, ubavu kwa ubavu, kila moja na jiwe lake jeupe. La juzi. La jana. Na la leo, alilomwacha Gathogo akilipaka rangi kambini dakika chache zilizopita.

Hayakuwa ya kufika magotini tena. Yalikuwa yamerefushwa, na katikati yalikuwa wazi.

La kwanza lilikuwa refu sana. Galgalo alimfikiria Ekidor, Mturkana mwenye punda, ambaye huinama kwenye kila mlango. La pili lilikuwa pana, na hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Akageukia la tatu akitarajia kujiona. Lilikuwa fupi na jembamba. Yeye hangeingia mle hata kidogo.

Idd iliyopita alimnunulia Tache dera, akalipima kwa mkono wake mwenyewe. Kipimo alikijua.

Kambini mtu akapiga ukelele.

Alikimbia. Punda alikuwa chini, kichwa kimepondwa, miguu bado ikipiga hewa. Ekidor alisimama juu yake akizungusha rungu, akimpiga mtu ambaye hakuwepo. Mawe yalikuwa yakiinuka yenyewe kutoka ardhini. Moja lilimpata mdomoni, meno yakamwagika. La pili likamvunja goti. Alijaribu kusimama kwa mguu mmoja, na la tatu likamwingia kwenye paji la uso. Halikutoka.

Kisha kitu kikamshika vifundo na kuanza kumburuta kuelekea ule mwinuko. Kichwa chake kiligonga kila jiwe njiani.

Gathogo alikuwa chini ya mgunga, mfupa wa mkono umechomoza nje ya ngozi.

"Ni majambazi?" alinong'ona. "Mzee, wanataka nini?"

"Umejenga makaburi. Yanataka wenyewe."

"Sikujua..."

"Mimi nilijua," Galgalo alisema, na aibu ikamkaba kuliko hofu.

Mawe yakatulia. Kutoka gizani ikaja sauti ya Ekidor, ikipita kwenye taya lililovunjika, ikisema maneno ya Gathogo.

"Ndio wageni... wasipotee."

Miguu ya Gathogo ikavutwa. Alimdaka Galgalo kwenye kifundo, akamng'ang'ania kwa mkono wake mmoja mzima, akilia, akimwita baba. Galgalo alimtazama. Aliona lile rundo pana likibaki wazi mpaka kesho asubuhi, likimtaka yeyote, na Tache akifika na mbuzi wake. Akaukanyaga ule mkono kwa kandambili yake ya tairi. Akaukanyaga tena. Vidole vikavunjika kimoja kimoja, na cha mwisho kikaachia.

Hakukimbilia Gotu. Angeweza, njia aliijua. Alifuata ile michirizi ya damu mpaka kwenye marundo, ambapo mawili yalikuwa yameshafungwa na moja lilikuwa likisubiri.

"Bismillahi," akasema, akalala ndani ya lile fupi, amekunja miguu. "Wa tatu ni mimi. Mtoto muache."

Kitu kilipumua karibu na sikio lake.

"Wewe... mrefu."

Jiwe la kwanza lilimwangukia magotini. Halafu lingine, palepale. Yaliendelea kuanguka mpaka miguu yake ikakunjika upande ambao miguu haikunjiki, na akaenea. Ndipo yakaanza kupangwa juu yake taratibu, kwa ustadi, mpaka nyota ya mwisho ikazibwa.

Ko... ko... ko...

Aliamshwa na kengele za mbuzi.

Mwanga mwembamba ulipenya kati ya mawe. Kifua kilikuwa kimebanwa, mdomo umejaa changarawe. Akasikia champali zilizochakaa, akaujua mwendo wake. Tache alikuwa mzima. Machozi yalimtoka Galgalo akiwa chini mle, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Isiolo.

Hatua zikasimama juu yake.

"Salaam aleikum, mwenye kulala," Tache akasema kwa adabu.

Galgalo alijaribu kuita. Changarawe zikashuka kooni.

Akamsikia binti akiinama, akichagua. Kisha jiwe likawekwa juu ya kifua chake, polepole, jinsi alivyomfundisha. Mwanga ukapungua.

"Watatu pamoja, maskini," Tache akawaambia mbuzi. "Na kule mbele kuna lingine." Akakaza macho. "Nalo lina rangi nyeupe. Hata haijakauka, angalieni inavyochuruzika."

Gathogo alikuwa amejenga matatu tu.

"Aba alisema tufuate mawe," akasema, akawapigia mbuzi mluzi.

Galgalo alizisikia kwato zikigeukia huko.