Kaboni ya Magunzi

Kila jioni Joyness aliwasha jiko la mkaa kwao Soweto, Mbeya, na wadogo zake wakalizunguka kuota moto. Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa kali, alikuta gunia la mkaa tupu. Duka lilikuwa karibu tu, lakini uvivu ulimshika.

Uvunguni mwa kitanda palikuwa na kopo la kaboni ya magunzi ya mahindi, aina ya mkaa. Lusekelo, mwenzake wa kidato cha kwanza, alikuwa ameipika, akaiosha, akaipika tena, macho mekundu kwa moshi, kisha akamkabidhi Joyness aitunze. Ilikuwa ya mashindano ya sayansi ya Iringa, ambako wangeshiriki pamoja. Mwalimu Anjela alikuwa amewaeleza kwamba gesi ya haidrojeni inaweza kuendesha gari, ila kuihifadhi ni kazi, na wataalamu wanajaribu kuinasa ndani ya kaboni yenye vitundu vidogo mno.

Joyness aliimimina yote kwenye jiko, akaiwasha. Kesho yake alinunua mkaa wa kawaida, akautwanga, akajaza kopo. Nani atajua?

Huko Iringa, Lusekelo alieleza vizuri, sauti ikitetemeka kwa furaha. Haidrojeni hawakuwa nayo, kwa hiyo wangeonyesha kwa maji yenye wino wa bluu: vitundu vingeunasa wino na maji yangetoka meupe. Alitia unga wa kopo majini, akatikisa, akachuja. Maji yalitoka ya bluu vilevile.

"Kijana, hii umepika au umeokota jikoni?" jaji aliuliza. Watu wakacheka.

"Labda nilikosea kuosha," Lusekelo alisema, ameinamisha kichwa. Joyness alinyamaza. Ni aibu kusema, lakini alinyamaza.

Walipotoka nje, Lusekelo aliomba radhi kwa kuwaangusha. Hapo Joyness alishindwa kuvumilia.

"Hukukosea. Kaboni yako niliiwasha nyumbani tukaota moto."

Lusekelo alimgeuzia mgongo. Mwalimu Anjela, aliyekuwa amewasindikiza, alisikia yote.

"Ungeniambia siku ileile, tungepika nyingine," alisema. "Magunzi yamejaa Mbeya nzima. Kosa la jikoni lilikuwa dogo, mwanangu. Ulipolificha, mwenzako akalibeba mbele ya watu."

Jumamosi iliyofuata Joyness alipika magunzi mwenyewe, akakohoa moshi mchana kutwa. Walipojaribu, maji yalitoka meupe kabisa.

"Sasa umeijua kazi," Mwalimu alisema. "Kuaminiwa tena kutachukua muda mrefu zaidi."

Lusekelo alifunga kopo, akaenda nalo kwao.