Miguu ya Nyuma ya Zimwi

Nianze na kosa langu, maana nimechoka kulibeba. Nilicheka. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mjomba wangu, nikijua kabisa tunachokitazama ni nini, na bado nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kwa Mungu nimetubu. Kwa mjomba sijaweza, ndiyo maana nawasimulia nyinyi.

Nilikuwa na wajomba wawili, mafundi wa makochi. Kibanda kimoja, cherehani moja, mzaha usiokwisha. Mkubwa ni mtu wa maneno machache, anayepima kitambaa mara tatu kabla ya kukata. Mdogo alikuwa na vidole tisa. Cha shahada cha kushoto kilichukuliwa na msumeno wa mbao, na yeye akawa anawaambia wateja kwamba kimo ndani ya kochi la mmoja wao, kwa hiyo wakae kwa adabu.

Asubuhi moja, mkubwa akipiga stepla mgongo wa kochi, akaingia mwongozaji wa filamu. Alitaka zimwi. Si la kutisha sana, alisema, la kuchekesha. Filamu yake ilihusu zimwi linalokuja kuposa binti wa watu, na mama mkwe, badala ya kukimbia, analipangia kazi: lichote maji, lifagie uani, licheze mbele ya wageni.

"Liwe na miguu minne," mwongozaji alisema. "Na kiuno kiyumbe."

Walitumia wiki mbili. Sponji, gundi, manyoya ya zulia kuukuu, macho ya vifuniko vya sufuria. Walipolimaliza, hakuna aliyeenea ndani isipokuwa wao, kwa kuwa walilipima kwa miili yao wenyewe. Mkubwa mbele, akivuta kamba ya mdomo. Mdogo nyuma, ameinama, ameshika mkanda wa suruali ya kaka yake kwa mikono miwili. Kuanzia siku hiyo watu wa filamu wakawaita Kichwa na Mkia.

"Maisha yangu yote nakufuata nyuma, kaka," Mkia alisema kutoka gizani mle. "Leo ndiyo nimeona ninachokifuata."

"Mkia hausemi," Kichwa akamjibu.

Zipu ilikuwa moja, kifuani kwa Kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo. Zipu ya nyuma ingeonekana kwenye kamera. Na kwa kuwa mle ndani walikuwa hawasikiani vizuri, wakapatana kuzungumza kwa mkanda. Kuvuta mara moja, simama. Mara mbili, twende. Mara tatu, nifungulie, nataka hewa.

Kwa siku nane mambo yalikwenda hivyo. Kila alipovutwa mara tatu, Kichwa alisimama akafungua zipu, hata mwongozaji akinuna.

Siku ya tisa ilikuwa saa sita mchana na jua halikuwa na huruma. Zimwi lilitakiwa kucheza likiwa na ndoo kichwani. Walirudia kipande kile mpaka wakachoka, ndoo ikianguka kila mara. Hatimaye ikatulia. Wale waliocheza kama wageni wakaanza kucheka kicheko cha kweli, kisichoandikwa popote. Kichwa alikisikia kicheko kile, na moyo wake, aliniambia baadaye, ukanenepa. Hakuwahi kumchekesha mtu maishani mwake. Mchekeshaji alikuwa mdogo wake.

Mkanda ukavutwa. Mara tatu.

Akasema moyoni, kidogo tu.

Ukavutwa tena. Mara tatu. Polepole.

Kicheko kikapanda. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiyumba, mmoja ukienda kulia, mwingine ukikataa. Mwongozaji akanong'ona, "Hapo hapo, Kichwa. Usisimame."

Hakusimama.

Kisha miguu ya nyuma ikakaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoshwa na mambo yote. Kichwa akaliburuta zimwi hatua mbili zaidi, ndoo ikiwa bado kichwani. Watu walishika matumbo.

Zipu ilipofunguliwa, mikono ilikuwa bado imeshika mkanda. Ikabidi Kichwa avuliwe mkanda.

Daktari aliandika kwamba ni joto. Tukazika. Kichwa hakulia. Alikula alichowekewa, aliitikia salamu, alirudi kibandani akamalizia lile kochi. Mama yangu, ambaye ni dada yao, alimuuliza anajisikiaje.

"Unajua mguu ukifa ganzi?" alisema. "Unauona. Unajua ni wako. Basi."

Kilibaki kipande kimoja cha filamu. Zimwi limekataliwa, linaondoka zake. Mwongozaji alikuja akiwa na kofia mkononi, na Kichwa akakubali kabla hajamaliza kuomba. Akajaza sponji sehemu ya nyuma. Akaunga miguu miwili ya mbao, ya kuburuzwa tu. Akaingia. Akafunga zipu.

Ilikuwa asubuhi, upepo mzuri. Akasubiri mwongozaji amwambie aende.

Mkanda ukavutwa. Mara mbili.

Twende.

Akaenda. Hakuogopa, na hilo ndilo linalomwogopesha mpaka leo. Nyuma yake hakusikia mbao zikiburuzwa. Alisikia nyayo. Alipokanyaga, zilikanyaga. Kitu kilikuwa kinapumua kwenye mgongo wake, juu kidogo ya kiuno, pale pale pa siku zote. Hatua kumi. Ishirini. Nje watu walikuwa wamenyamaza kabisa.

Kisha mara tatu.

Safari hii alisimama. Akafungua zipu mpaka chini, akatoka, akageuka, akashikilia kitambaa wazi kwa mikono miwili kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Akasubiri. Hakuna aliyetoka.

Mwongozaji akamsogelea. "Umemweka nani nyuma?" alinong'ona.

"Sponji."

Mwongozaji akaingiza mkono, akautoa haraka. Ulikuwa umelowa. Sponji lote lilikuwa limelowa jasho, nalo lilikuwa la moto.

Filamu ilionyeshwa mchana mmoja, ukumbi umejaa. Kilipofika kile kipande cha ndoo, miguu ya nyuma ilipokaa chini, ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Na mimi. Ilichekesha, sina uongo wa kuwapa. Katikati ya kicheko hicho mjomba akainuka. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, akasimama ameshika shati wazi.

"Mzee, kaa chini, unatuziba," mtu wa nyuma akasema.

Nami, Mungu anisamehe, nikatazama upande mwingine kama simjui.

Anafanya hivyo mpaka leo. Barabarani, dukani, katikati ya sala. Anasimama ghafla, anafungua, anasubiri, anafunga, anaendelea na safari. Uso haubadiliki. Nilimuuliza mara moja tu atafanya hivyo mpaka lini.

"Mpaka atoke," alisema. "Siwezi kuchelewa tena."

Juzi alinipa mkanda wake nimpelekee fundi viatu auongeze tundu. Alikuwa ameununua miezi miwili tu iliyopita, muda mrefu baada ya mazishi. Njiani nikaupindua. Upande wa ndani, pale panapokaa mgongoni, ngozi ilikuwa imebonyea. Kulia, alama nne za vidole. Kushoto, tatu, na nafasi tupu mahali pa kidole cha shahada.

Fundi ameongeza tundu, nami nimemrudishia.

Sasa nawaomba kitu kimoja. Mkimkuta mzee amesimama ghafla njiani mbele yenu, shati wazi, msimpigie honi, wala msimcheke. Msubirini amalize.