Kiti cha Mbele Kushoto

Duka la nyuzi la Biashara Street lilikuwa limefurika mafundi cherehani, kila mmoja akipiga kaunta kwa kiganja. Lenox Omollo akapenya katikati yao, mrefu, ovaroli ya buluu imepauka magotini, akaweka kipande cha ngozi mbele ya msichana muuzaji.

"Dada, nataka uzi wa rangi hii. Hii hasa, si binamu yake."

Mabruka akakiinua kipande kwenye mwanga. Buibui lake lilikuwa na taraza ya nyuzi za kijani kwenye ncha za mikono, na hina ya harusi ya jirani ilikuwa bado haijafifia vidoleni.

"Ngozi ya nini hii?"

"Kiti cha gari. Mimi hufufua viti, dada. Kimepasuka, kimekauka, watoto wamekimwagia chai, naletewa mimi. Nikimaliza, mwenyewe hakitambui."

"Majivuno hayo unayauza kwa kilo ama kwa mita?"

Mafundi wakaangua kicheko. Lenox akatoka na uzi wake, na nambari ya simu pia.

Basi zikaanza simu za adhuhuri, yeye akiwa na brashi mkononi, Mabruka amejificha nyuma ya majora ya vitambaa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakufa njaa, Lenox. Nenda ukanunue chapati."

Siku moja Lenox akamtumia ubeti alioutunga mwenyewe:

*Uzi wako u moyoni, umenishona kabisa,*
*Wa kufumua ni nani? Hayupo mpaka sasa.*

Jibu likaja upesi: "Yupo. Anaitwa Mama, na mkasi anao."

Hapo ndipo penye mwiba. Mama yake Mabruka, mjane wa Parklands aliyezaliwa Lamu, hakutaka kusikia habari za kijana Mkristo kutoka Siaya. Mabruka alilia, akasusa chakula, hata mama akalegea kidogo. "Maneno matamu kila mtu anayo," akasema. "Mtu nitamjua kwa kazi yake. Mpelekee gari la marehemu baba yako asafishe viti. Kisha alilete hapa mwenyewe, nimtazame."

Mabruka aliliendesha gari hadi uani kwa Lenox, nyuma ya majumba ya vioo ya Westlands, akishangilia kama aliyeposwa tayari.

"Safisha vyote, kipenzi. Ila kiti cha mbele kushoto usikiguse. Mama amesisitiza."

"Sawa, malkia."

Lenox alifanya kazi kwa roho yote. Alisugua kwa brashi laini na povu, akafuta, akapaka mafuta hadi ngozi ikalainika kama shavu. Vilipong'aa vile vingine, kile cha mbele kushoto kikabaki kama kizee kwenye karamu ya vijana: kimebonyea katikati, kimechanika mshono, kinanukia udi na dawa ya kuchua.

"Mama mkwe atasema niliishiwa na sabuni," Lenox akanung'unika.

Kivuva, mwenzake wa kazi, akainua kichwa. "Si umeambiwa usikiguse?"

"Hajui kinavyoweza kuwa."

"Omollo, gari si lako."

"Jina langu ndilo litasomwa hapo!"

Akafumua kiti. Akatupa sponji kuukuu, akatia mpya, akashona, akapaka rangi, akakianika juani mpaka harufu yote ikaondoka. Kilikuwa kizuri, Kivuva mwenyewe akapiga mluzi.

Jumamosi, Lenox akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akalipeleka gari Parklands. Mama akatoka na leso mabegani. Hakutazama viti vya nyuma. Alifungua mlango wa mbele kushoto, akaketi polepole, akapapasa ngozi kama mtu atafutaye miwani gizani. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Kazi yako ni nzuri, mwanangu," akasema kwa sauti nyembamba, akaingia ndani akijishika ukutani.

Mabruka akaufunga mlango wa gari, akamgeukia Lenox.

"Baba alipougua nilimwendesha akiwa kwenye kiti hicho, hospitali na msikitini, hadi mwisho. Kilishika umbo lake, Lenox. Kila alasiri Mama huketi katika lile bonde aliloliacha Baba, akavuta uradi wake kwa tasbihi. Hatukuwa na kitu kingine chenye harufu yake."

Moyo wa Lenox ulianguka. Lakini ulimi wake ulikuwa na kiburi, ukawahi mbele ya moyo.

"Mngeniambia!"

"Nilikuambia usikiguse."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Kumbe mpaka nikupe sababu ndipo neno langu lisikike?"

Lenox akaweka funguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu.

Alipiga simu, haikupokewa. Alimtuma Kivuva Biashara Street, akarudishwa na salamu kavu. Mwishowe akameza kiburi, akaenda Parklands, akapiga magoti mbele ya mama kwenye mkeka. Mama akamwinua.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hukukusudia. Kunywa chai."

Lenox akamtazama Mabruka, macho yamejaa matumaini. Mabruka akachukua funguo.

"Twende nikufikishe Westlands."

Nje, Lenox akaufuata mlango wa nyuma.

"Kaa mbele," Mabruka akasema.

"Pale?"

"Pale. Sasa ni kiti tu. Mtu yeyote anaweza kukikalia."

Akaketi. Wakaenda hadi kwenye mzunguko wa barabara wa Westlands.

"Mama amesamehe," Lenox akaanza. "Mbona wewe..."

"Mama anasamehe lililopita. Mimi ndiye ningeishi na litakalokuja." Akalisimamisha gari papo hapo. "Nakupenda, Lenox. Shuka."

Magari yakapiga honi nyuma yao. Kiti kilikuwa laini, mshono umenyooka, hakina kasoro hata moja. Na Lenox alikaa juu yake akiukamata ukingo kwa mikono miwili, hajui jinsi ya kuinuka.