Kigaepafu cha Chumba cha Mzazi

Daktari Enea Tweve alikunywa chai yake ndani ya chumba cha kioo, jiko la mkaa likiwaka miguuni pake, milango imefungwa, na nje majani yameganda kwa baridi. Alikaa humo saa tatu nzima. Viongozi wa Mji wa Kitulo waliomtazama kupitia kioo walitarajia aanguke kabla ya kumaliza kikombe. Alitoka akitabasamu, akaomba cha pili.

Kilichomlinda kilikuwa kigae cheusi ukutani, kikubwa kuliko sahani kidogo tu, kisicho na waya wala feni. Alikiita kigaepafu. Kazi yake ilikuwa kuimaliza kaboni monoksidi, ile sumu ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Vichocheo vya zamani vya kuisafisha vilitaka joto kali la bomba la moshi la gari ndipo vifanye kazi. Hiki kilijaa chembe ndogo mno za oksidi ya kobalti. Sumu ikitua juu ya chembe, huichukua oksijeni iliyopo pale, hugeuka kaboni dioksidi, ikaenda zake. Pengo linalobaki hujazwa na hewa ya chumbani. Hata katika baridi ya kugandisha maji, kazi haikusimama. Ilikuwa kazi ya kumvulia mtu kofia.

Huenda mtu akauliza, mji wenye treni za sumaku na roboti wa kupalilia viazi una haja gani na mkaa? Amuulize mwanamke wa Kitulo aliyejifungua. Huko mzazi hukaa na moto siku arobaini, na jiko la umeme, wanasema wakunga, lina joto lakini halina moto. Kila kipupwe kikija, kulikuwa na nyumba iliyozika mama na kichanga chake kwa pamoja. Enea alikuwa ametumia miaka kumi na minne ili mazishi hayo yakome.

Kwa hiyo kigae cha kwanza kutoka maabara alikipeleka kwake. Binti yake Lusungu alikuwa njiani kurudi kutoka hospitali na mtoto wa kike. Enea alikipigilia mwenyewe kwenye ukuta wa baridi kuliko zote, karibu na dirisha, kwa sababu baridi ndiyo ilikuwa fahari yake. Kipima-sumu hakukifunga. Ya nini kupima kitu ambacho kimekwisha kumalizwa? Aliwaambia wanawake wafunge hata dirisha, wasipigwe na upepo. Kisha akatoka, maana mwanamume haingii chumba cha mzazi kabla ya arobaini, na baba wa mzazi ndiyo kabisa.

Asubuhi ya nne alikuwa uani akipiga mswaki. Chumbani Bibi Sigalla, mkunga wa mtaa, alikuwa akimkanda Lusungu kwa maji ya moto huku akimwimbia mtoto. Enea aliutazama ukuta wa nyumba kwa raha. Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji kwa ndani.

Mswaki ulisimama mdomoni. Miaka kumi na minne alikuwa amekijaribu kigae kwenye hewa kavu. Yeye na wenzake wote maabara walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mzazi akikandwa, wala masufuria mawili yanayochemka juu ya jiko tangu alfajiri. Mvuke wa siku nne sasa ulikuwa umezikalia chembe za kobalti, kama wageni waliowahi karamuni wakajaza viti vyote. Sumu ilikuwa haina pa kutua.

Wimbo nao ulikuwa umenyamaza.

"Hodi," aliita mlangoni. "Bibi Sigalla! Hodi humo!"

Hakujibiwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akasukuma mlango. Aliyapiga kumbo masufuria, akalibeba jiko kwa mikono mitupu hadi uani, akarudi kuvunja dirisha. Bibi Sigalla alikuwa ameegemea ukuta, tambara la kukandia mkononi. Enea alimfunika binti yake kwa blanketi bila kumtazama, akambeba nje na mtoto kifuani, kisha akarudi kumkokota bibi. Wa kwanza kulia alikuwa kichanga. Enea alikaa chini kwenye majani yenye barafu na kulia pamoja naye.

Wahudumu wa afya walifika na mitungi ya oksijeni, wakasema wote watatu watapona. Mchana Bibi Sigalla, kichwa bado kinamgonga, alimtazama mzee mwenzake aliyefungwa bendeji viganja vyote viwili.

"Baba Lusungu, hiki kitu mlikijaribia chumba cha nani?"

"Cha kioo," alijibu kwa aibu. "Kikavu."

"Mngeuliza." Hakuwa na hasira. "Na kwa nini kikae kule dirishani kwenye maji? Nepi za mtoto huwa tunazianika wapi?"

Enea alifikiri. "Juu ya jiko."

"Basi."

Alicheka, akasahau viganja. Juu ya jiko mvuke usingeweza kukaa kwenye chembe, joto lingeufukuza. Na mkaa unapowashwa tu, kigae kingali baridi lakini kikavu, kazi ingeanza papo hapo. Alikuwa amehangaikia baridi hata akaudharau moto uliokuwa mbele yake.

Siku ya ishirini kigae kipya kilining'inizwa juu ya jiko kama kofia. Dirisha lilikuwa limetiwa kioo kipya, na Lusungu na mwanawe walihamia kwa jirani. Bibi Sigalla aliziba pua na mdomo kwa barakoa ya oksijeni, akafunga dirisha, akachemsha masufuria yake mawili. Alikataa katakata roboti amsaidie. Enea alirudishwa nje ya mlango, maana arobaini haijatimia, hata kama chumba hakina mzazi.

"Sabini," bibi alisoma kipima-sumu. "Arobaini. Kumi na moja."

Kisha kimya. Enea alingoja. Aliweka kiganja chenye makovu kwenye kitasa.

"Bibi?"

"Usiingie," alisema Bibi Sigalla. "Ni sifuri. Naisoma tena nihakikishe, maana kesho naweka kigae kama hiki kwa mjukuu wangu aliyejifungua."